Laptopu Iliyolala Gehandu

Kabla sijaiwasha ile laptopu nyeusi, nilihesabu vitufe vyake. Themanini na vinne. Nikarudia kwa kuanzia chini kwenda juu: themanini na vinne, na kimoja kimelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikaridhika. Kibanda changu kiko sokoni Mbulu mjini, na ninachouza ni vitu vilivyowahi kuwa na mwenyewe: mablanketi, sufuria, redio, bangili za shaba. Katika biashara hii hununui kitu kisicho na kasoro, maana hakipo. Unanunua kitu ambacho kasoro zake unaweza kuzitaja kwa idadi.

Aliyeniuzia, karani mmoja aliyekuwa anahama, aliapa kwamba ameifuta yote ndani, ni safi kabisa. Usafi wenyewe niliuona nilipoiwasha. Kioo kiliandika mstari mmoja mweupe kwamba hakikuona mfumo wowote wa kuiendesha, kikanyamaza. Ni sawa na kuuziwa nyumba safi ukakuta haina mlango.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa mablanketi, ndiye aliyenielekeza kwenye mfumo huria. Watu wa nchi mbalimbali wanauandika pamoja, wanauweka mtandaoni, anayetaka anachukua bure.

Neno bure huwa linanifanya niukumbatie mkoba.

"Wao wanapata nini?" nilimuuliza.

"Hawapati kitu, mama. Wanapenda tu."

"Hakuna anayependa tu," nikamwambia, lakini nikampa flashi yangu aniwekee.

Niliupakia mwenyewe, nikifuata maelekezo yake kwenye karatasi, hatua kumi na moja. Ukakaa. Laptopu iliyokuwa maiti ikaonyesha picha ya mlima ambao sikuujua, si Hanang, na saa ikawa sahihi. Kwa siku mbili nilijiona fundi.

Siku ya tatu nilifunga kifuniko nikaenda kumwonyesha mteja blanketi. Niliporudi na kufungua, taa ndogo ya pembeni ilikuwa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi tii. Nikabonyeza kitufe hiki, nikabonyeza kile, nikabonyeza na kile kilicholegea. Hakuna. Mwishowe nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikakata pumzi. Huko si kuzima, huko ni kunyonga.

Sasa, mtu mwingine angekasirika. Mimi nilichukua daftari. Nilichora safu mbili, moja nikaandika "kalala", nyingine "kaamka". Wiki nzima, kati ya mteja na mteja, nikawa nafunga na kufungua ile mashine. Mama muuza vitunguu wa jirani akaniuliza kama ninaipepea. Nikamwambia ninaihesabia usingizi. Ililala mara thelathini, ikaamka mara ishirini na moja. Nikarudia thelathini nyingine ili nisijidanganye: ishirini na mbili. Ikiwa kwenye chaji au nje ya chaji, ni yale yale. Flashi ikiwemo au isiwemo, ni yale yale. Jambo lile likaanza kunikaa kichwani hata nikiwa napika. Hii mashine inapolala inakwenda wapi? Na ile karibu mara moja katika kila tatu, inapotea njia gani kurudi?

Nikaandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nilitaja hesabu zangu zote. Kesho yake alinijibu mtu ambaye badala ya sura yake aliweka picha ya paka. Hakuniuliza mimi ni nani wala nitalipa nini. Aliuliza tu: kiini chako ni toleo gani? Kiini, alivyonieleza, ndicho sehemu ya mfumo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Nikampa namba. Akasema hicho ni kipya mno kwa mashine ya zamani kama yangu. Wakati wa kuwasha kuna orodha, chagua kiini cha zamani.

Mimi, muuza mitumba, kuambiwa nichague cha zamani! Nilichagua. Ikalala mara ishirini, ikaamka mara ishirini. Ishirini nyingine, ikaamka zote. Nikamwandikia mtu wa paka kumshukuru, nikamuuliza na la kuzima, maana nilipoizima ilikuwa inachukua sekunde tisini kabla haijakubali. Nilihesabu tisini mara mbili kwa saa ya mkononi. Akanionyesha amri ya kuandika ili mashine iseme inamsubiri nani. Kumbe ilikuwa inaisubiri printa niliyokuwa nimeiunganisha mara moja tu, na printa yenyewe nilishaiuza. Nikaiondoa kwenye orodha. Tangu hapo inazima kabla sijamaliza kusema neno.

Hivyo nilipoibeba kwenda mnadani wilayani Hanang, niliijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu.

Pale mnadani akaja mama mmoja wa kijiji cha Gehandu na mumewe. Mume alikuwa mzee mrefu mwenye shuka begani na fimbo, mkewe mdogo kwake kwa miaka mingi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu mnyama wako anakula nini?"

"Umeme."

"Kinyesi chake?"

"Hana."

"Basi shambani hafai," akasema, akageukia mbuzi.

Lakini mkewe hakugeuka. Alichuchumaa mbele ya laptopu, akaifungua kwa vidole viwili. Alikuwa anasaidia darasa la chekechea kanisani kwao, akaniambia, na sasa amepata nafasi ya kusoma ualimu wa awali kwa njia ya masafa. Masomo yanakuja kwenye flashi, kazi anaandika nyumbani na kuzituma akifika Katesh kwenye mtandao. Kompyuta aliijua tangu sekondari. Iliyokosekana ni ya kwake.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya ukubwa wala uzuri.

"Dada, nikiwa naandika, ndama akalia, nikafunga hivi nikaenda. Nikirudi nitakuta niliyoandika?"

"Utayakuta kama ulivyoyaacha."

"Bila kuwasha upya? Kwetu ni sola ndogo. Kuwasha upya kunakula betri, na mimi siku yangu ni ya kukatwa katwa."

Nikamwambia aandike mstari, nikafunga, nikahesabu hadi sitini, nikafungua. Mstari wake alioujaribu ulikuwa pale pale. Akacheka kwa pua, kama mtu aliyesikia habari njema asiyotaka jirani aisikie.

Alichokuwa nacho cha kutoa ni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa wake hasa, katika uzao wa ng'ombe aliopewa na baba yake alipoolewa, na mzee mwenyewe alikiri kwamba kwa huyo hana neno. Neno alikuwa nalo kwa mashine.

"Mimi nikinunua ng'ombe," akasema, "simtazami pembe. Namtazama akilala na akiinuka. Anayeinuka kwa shida namrudisha. Na hiki nacho kije kwangu siku saba, nikione. Kikiinuka vizuri, mtamba ni wako. Kikishindwa, chukua kitu chako, mtamba anabaki." Akamtazama mkewe. "Na habari ya masomo iishe. Sitaki kusikia tena kila msimu tunauza mnyama kwa ajili ya kitu kilichokufa."

Mke alikuwa ameshika kifuniko cha laptopu kama mtu anayeshika mkono wa mtoto barabarani. Nikaona wazi kwamba pale hapauzwi mashine tu. Ikilala vibaya, inalala na shule ya mtu.

"Siku saba nimekubali," nikasema.

"Na nyongeza?" akauliza yule mama haraka.

Mnadani kwetu biashara bila nyongeza haijafungwa. Nikapekua sanduku la bangili, nikampa moja ya kijivu, ya sumaku, zile wanazosema zinasaidia viungo. Mimi sikusema zinasaidia. Nilisema wanasema. Akaipokea kwa mikono miwili. Tukaachana.

Siku ya nne simu ikalia nikiwa kibandani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Anaendeleaje?"

"Amelala."

"Haamki?"

"Anaamka vizuri. Ila analala mwenyewe! Niko naandika, kifuniko kiko wazi, maneno mawili matatu, kioo kinazima. Nashangaa, naweka mikono kichwani, anaamka. Naandika tena, analala tena."

"Mzee ameona?"

"Ameona mara tano. Mara ya kwanza alihuzunika. Sasa anacheka. Anasema hata punda wake hasinzii akiwa amebebeshwa mzigo."

Nilimwambia aizime, aiweke, kesho nakuja. Kisha nikakaa juu ya marobota ya mablanketi kama mtu aliyetukanwa. Kulala mwenyewe! Katika daftari langu lenye mistari zaidi ya mia moja, kasoro hiyo haikuwamo. Niliichukia kwa sababu sikuihesabu, na ningesema uongo nikisema haikunivutia. Nililala nikiiwaza.

Kesho yake nikapanda basi la alfajiri kupitia Dongobesh, na baridi yetu ya Mbulu ikabaki nyuma kidogo kidogo mpaka nikavua sweta. Katesh nikapanda bodaboda. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeketi kwenye kigoda kwenye boma la Gehandu, uji mkononi, Mlima Hanang umekaa mbele yangu kama mnunuzi asiye na haraka. Mzee aliketi kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amejipanga kufurahi.

Laptopu ikaletwa, ikawekwa juu ya stuli. Nikaandika ukurasa mzima. Nilinakili maandishi ya mfuko wa chumvi, mbele na nyuma, mpaka yakaisha. Haikusinzia hata mara moja.

"Haya, kaa wewe," nikamwambia yule mama.

Akakaa. Akaandika: Mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa. Kioo kikazima.

"Kwa nini?" akauliza mzee kutoka kivulini. "Kwa kulala?"

Nikakaa mimi, nikaandika, ikakubali. Akakaa yeye, ikalala. Tukahamisha stuli ndani ya nyumba. Tukaiweka magotini badala ya stuli. Tukageuka tukatazama mashariki. Tulifanya hivyo mara sita kila mmoja: kwangu ililala sifuri, kwake ililala sita. Nikarudia ili kuhakikisha. Sifuri, sita.

"Imekwishamjua mwenyewe," mzee akasema. "Hata ng'ombe ukimhamisha anamkataa mkamuaji mpya. Mrudishe tu mnyama wako, mama wa Mbulu."

"Zimebaki siku mbili, mzee."

"Nazijua. Nahesabu na mimi."

Yule mama alikuwa na flashi ya masomo kwenye kamba shingoni, na aliishika akaizungusha, akaiachia, akaishika tena.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikatumia amri ya mtu wa paka, ile ya kuuliza mashine ilikuwa inafanya nini. Mashine hizi huandika kila kitu zinachotenda, kwa saa, dakika na sekunde. Ni makini kuliko mimi. Nikashuka na mistari mpaka dakika ile tuliyokuwa nayo. Kwa Kiingereza palikuwa pameandikwa kwamba kifuniko kimefungwa. Chini yake, kifuniko kimefunguliwa. Kimefungwa. Kimefunguliwa. Nikahesabu kwa siku tano zile: kufungwa mara ishirini na saba, kufunguliwa mara ishirini na saba.

Nikakitazama kifuniko. Kilikuwa wazi, kimesimama. Nikakitazama tena.

"Mdogo wangu, umewahi kukifunga ukiwa unaandika?"

"Nitaandikaje kikiwa kimefungwa, dada?"

Basi mashine haikuwa na usingizi. Ilikuwa inaambiwa uongo. Kuna kitu kinaiambia mlango umefungwa, nayo, kwa utii wake, inalala. Nikajiuliza swali ambalo katika wiki zote zile za kufunga na kufungua sikuwahi kujiuliza: inajuaje? Nilipapasa bawaba, hakuna kitufe. Nilipapasa ukingo, hakuna tundu, hakuna ulimi wa kubonyea kama ule wa mlango wa friji. Imefungwa kwa plastiki laini pande zote, na bado inajua.

Nina tabia moja. Nikiwa sikielewi kitu, nakipima kwa sumaku. Ninayo ndogo, niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, inakaa kwenye kitambaa ndani ya mkoba, na kazi yake ni bangili: shaba ya kweli haishikwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinashikwa mara moja na muuzaji wake anaanza kukohoa. Nikaitoa, nikaipitisha taratibu kwenye ukingo wa kifuniko. Kulia, hakuna. Juu, hakuna. Kushoto, karibu na kona, ikavutwa kidogo, tik.

"Kumbe!" nikasema kwa sauti.

"Nini?" wakauliza wote wawili.

Ndani ya kifuniko kuna sumaku. Na kama kifuniko kina sumaku, basi huku chini kuna kitu cha kuisikia. Kifuniko kikishuka, sumaku inafika karibu, kile kitu kinasema, haya, mlango umefungwa, lala. Nikaanza kuipitisha sumaku yangu kwenye sehemu ya chini, pale mbele ya vitufe ambapo mtu huegemeza viganja. Kulia, hakuna. Katikati, hakuna. Kushoto, kioo kikazima. Nikaiondoa, kikawaka. Nikairudisha, kikazima. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, naungama, kwa raha tu ya kuona. Hata mzee alikuja, akainama, mikono mgongoni.

"Unaikonyeza," akasema.

"Naifungia mlango, mzee."

"Sasa mke wangu anaifungia na nini? Yeye hana sumaku."

Hapo ndipo macho yangu yakaenda kwenye mkono wake wa kushoto. Nikwambie ukweli, macho yangu huhesabu mikono ya watu hata nisipoyatuma; ni kazi yangu ya miaka mingi. Mnadani, mkono ule ulikuwa na bangili saba za shaba, nzuri, za zamani, ambazo nilitamani kuzinunua nikaona haya. Sasa nikahesabu. Nane. Nikarudia kuanzia kiwikoni. Nane. Na ya nane, ile iliyokaa karibu na kiganja, pale pale panapogusa kona ya kushoto ya mashine, ilikuwa ya kijivu.

Niliitazama. Sijui kwa muda gani, maana hilo sikulihesabu.

Njia ya ujanja wa mjini ilikuwepo, na niliiona yote kwa mara moja. Ningesema: mdogo wangu, vua bangili zote ukiwa unaandika, zinakwaruza plastiki. Angevua. Mashine ingekaa macho. Mzee angeona, mtamba angekuwa wangu, na mimi ningebaki mama wa Mbulu aliyeponya mnyama kwa mikono yake. Lakini siku moja angesahau na kuivaa, au angevua zile saba na kuiacha ile, kwa kuwa hiyo ndiyo ya viungo. Ingelala tena, mimi nikiwa Mbulu nauza sufuria, na mzee angesema neno lake kuhusu masomo na lingekuwa la mwisho. Nilikuwa nimemwahidi atayakuta maandishi yake kama alivyoyaacha.

"Mdogo wangu," nikasema, "vua hiyo ya kijivu. Hiyo moja tu."

Akavua. Akaandika. Mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa kucheza, kwa kugusa, kwa kuuliza. Akaendelea mpaka mstari ukajaa, akaanza wa pili, wa tatu, na mabega yake yakawa yanashuka polepole.

"Mzee," nikasema, "mashine haina kosa. Mkeo hana kosa. Kosa ni la nyongeza yangu. Bangili niliyompa ina sumaku, na ndiyo ilikuwa inaifungia mlango kila akiweka mkono."

Mzee alinitazama. Akamwambia mkewe maneno marefu kwa Kibarbaig, ambacho sikijui, na mkewe akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Kicheko nakijua kwa lugha zote.

"Nimemwambia," mzee akanieleza kwa hisani, "huyu mama anapima shaba za watu wote wa Hanang kwa sumaku, asiibiwe. Kisha anatoa sumaku nyingine kwa mkono wake mwenyewe, inakula biashara yake. Na kwenu mnaita nyongeza!"

"Na mimi nyongeza yangu nimeipoteza," akasema mkewe, akiwa bado anacheka. "Unanidai mtamba na umenipa ugonjwa."

"Lete, nitaibadilisha."

"Usiibadilishe," mzee akasema, akanyoosha mkono. "Viungo ni vyangu. Goti hili tangu masika." Akaivaa. Akaigeuza geuza kwenye mwanga kama mtu anayenunua. Nikatafuta mkobani, nikampa mkewe bangili ya shaba, na kabla hajaipokea nikaipima kwa sumaku mbele yao wote. Haikushikwa. Nikaipima tena.

"Sasa," mzee akasema, "kulala na kuinuka. Mara kumi. Sitaki maneno."

Akaokota mawe kumi, akayapanga juu ya ukuta. Mkewe aliandika mstari, akafunga, akaenda kuwatazama ndama, akarudi, akafungua: mstari upo. Mzee akaangusha jiwe moja. Mkewe akaandika, akafunga, akaenda kuchochea moto, akarudi. La pili. Hakuwa anaigiza, kazi za mchana zilikuwa zinamwita kweli na alikuwa anaziitikia moja moja. Nami nilikuwa nahesabu kimya kimya. Mara ya saba mzee aliinama aone vizuri, akaegemeza mkono kwenye kona ya mashine, kioo kikazima.

"Ameanguka!" akapaza sauti.

"Mkono wako, mzee! Umevaa nini mkononi?"

Akautazama mkono. Akamtazama mke wake, ambaye alikuwa amegeuka ukutani asionekane.

"Hiyo haihesabiwi," mzee akasema, na akarudi kukaa kivulini, mbali.

Kwa hesabu yake ilikuwa kumi. Kwa yangu kumi na moja, maana ile ya saba tuliirudia. Mzee akaangusha jiwe la mwisho. Kisha akamwambia mkewe, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Soma. Lakini maziwa ya jioni usichelewe."

"Hayajachelewa lini?" akajibu mkewe bila kuinua macho.

Mtamba akaletwa. Alikuwa vile vile, mwekundu, baka jeupe usoni, ananipumulia mkononi. Mzee akanyoosha kamba.

"Chukua."

Nikaweka mikono mgongoni.

"Mzee, mimi nikinunua kitu nakitazama kikilala na kikiinuka."

Alinitazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka akalazimika kushika fimbo. Akamfunga mtamba kwenye mti wa zizi, akakaa. Mtamba halazwi kwa amri, hana kifuniko. Tukasubiri. Jua likahama ukutani. Bodaboda wangu akapiga simu mara mbili, nikamwambia mara mbili asubiri. Nikamsimulia mzee habari za mtu wa paka; akaniuliza ni wa kabila gani, nikasema sijui, akauliza kwa nini alinisaidia kama hanijui, nikasema nimeliuliza hilo hilo tangu mwanzo na sijapata jibu linaloniridhisha.

Nyuma yetu vitufe vilikuwa vinalia tik tik tik, na kile kilicholegea kilikuwa na mlio wake peke yake, nilikitambua. Kisha ndama akalia. Nikasikia kifuniko kikifungwa, nyayo zikienda, zikikawia, zikirudi. Kifuniko kikafunguliwa. Kulikuwa na kimya kidogo cha kutosha mtu kutafuta mahali alipoishia, halafu vitufe vikaanza tena.

Mtamba naye akapiga magoti, akalala, akaanza kucheua. Mzee akaninyooshea kidole kimoja: la kwanza. Sasa tukawa tunangoja ainuke.